Taa Iliyomsumbua Rubani wa Fargo

Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1948, Luteni George Gorman, rubani wa kikosi cha anga cha akiba katika jimbo la North Dakota, Marekani, alikuwa juu ya mji wa Fargo na ndege ya kivita aina ya P-51 Mustang. Mnamo saa 3 akaona taa nyeupe. Mnara wa kuongozea ndege ukamjibu kuwa angani yupo yeye na ndege moja ndogo tu, ambayo alikuwa akiiona chini yake. Akaifukuza taa kwa dakika 27. Mara ikamjia uso kwa uso, mara ikapaa. Kwenye futi 14,000 Mustang ikashindwa kupanda zaidi, taa ingali juu.

Huyu hakuwa mgeni wa kurusha ndege. Alishapitia Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Anga likatuma wachunguzi wa Project Sign, mradi ulioanza mwaka huohuo kufuatilia taarifa za aina hii. Waliohojiwa mnarani nao walikuwa wameiona taa. Kisha kipima mionzi kikaonyesha Mustang ile ina mionzi zaidi ya ndege zilizokuwa zimekaa chini siku kadhaa. Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika, kwa sababu kipimo kilikuwa sahihi lakini ulinganisho haukuwa wa haki: ndege iliyotoka juu hupigwa zaidi na miale ya anga za mbali.

Jibu lilitoka kwa watu wa fani yangu, hali ya hewa. Saa 2:50 usiku ule, kituo cha hali ya hewa cha Fargo kilikuwa kimerusha puto lenye taa. Zama hizo taa ndogo ilifungwa chini ya puto ili mpimaji alifuate kwa darubini, asome pembe, akokotoe upepo wa juu. Saa na mahali vililingana.

Na zile chenga? Nyingi zilikuwa za Gorman mwenyewe. Ukiwa gizani bila alama ya kulinganishia, kila unapokata kona, taa ndiyo inayoonekana kukata. Wachunguzi waliona pia kwamba baada ya kulipoteza puto, huenda alikuwa akiikimbiza sayari ya Mshtarii. Mwaka 1949 faili likaandikwa: puto.

Maputo bado yanarushwa, Dagoretti jijini Nairobi ikiwa mojawapo ya vituo. Saa za kimataifa za kuyarusha kwetu huangukia karibu saa 9 alasiri na saa 9 usiku. Siku hizi yanabeba kifaa cha redio badala ya taa, hivyo taa unayoiona yaelekea ni Zuhura, ndege, au msururu wa setilaiti za Starlink.

Ukitaka kutoa taarifa, egemea ukuta, ulinganishe taa na ncha ya paa kwa dakika chache, utajua kama kweli inasogea. Andika upande ilipo na saa kamili hadi dakika. Bila saa hatuna cha kulinganisha na daftari la kurushia maputo.