Printa ya 3D na moyo wa mtoto: kazi kubwa iko kwenye picha

Nikieleza kazi yangu ya kuchapisha, kwa printa ya 3D, mifano ya mioyo ya watoto wanaosubiri upasuaji, swali la kwanza huwa ni la printa: ni ya aina gani, ni shilingi ngapi. Napenda kuanza na ugonjwa wenyewe.

Wapo watoto wanaozaliwa mishipa yao miwili mikubwa, aota inayopeleka damu mwilini na ule unaopeleka damu mapafuni, yote ikitokea chumba cha chini cha kulia cha moyo. Aota ilipaswa kutoka kushoto. Damu safi ya kushoto hupata njia kupitia tundu lililo kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini. Daktari wa upasuaji hutumia kiraka kujenga handaki kutoka kwenye tundu hadi kwenye aota. Tundu likiwa karibu, sawa. Likiwa mbali, handaki huwa refu, na linaweza kubana njia ya damu au kuingiliana na nyuzi za vali, yaani milango ya moyo. Hapo ndipo huamuliwa kama mtoto atabaki na vyumba viwili vinavyosukuma damu, au atafanyiwa mfululizo wa upasuaji utakaomwacha na kimoja tu maisha yake yote.

CT scan huonyesha haya yote, lakini kwa vipande vyembamba, na kila daktari huviunganisha kichwani mwake. Mimi naviunganisha kwenye kompyuta. Mgonjwa huchomwa dawa inayoifanya damu ing'ae kwenye picha huku misuli ikibaki kijivu. Programu huchagua panapong'aa, kisha mpaka wa damu na misuli naupitia mwenyewe, kipande baada ya kipande. Nikiusogeza kidogo tu, tundu la mtoto mchanga hupungua au hutanuka. Ukuta mwembamba hufutika kabisa, likazaliwa tundu ambalo mtoto hana. Printa ikikosea, utaona. Mimi nikikosea mpaka, mfano utatoka laini, mzuri, na wa uongo. Kwa hiyo simkabidhi mpasuaji mfano kabla daktari wa picha hajaulinganisha na picha za awali.

Mfano unaotufaa huwa na uwazi ndani, ukiwa na dirisha lililokatwa pale mpasuaji atakapoingilia. Anachungulia, anaona tundu na aota vilivyokaa, anapima umbali. Tukitumia plastiki laini, anaweza hata kuukata na kushona kiraka kabla ya siku yenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wagonjwa 40 kutoka vituo 10, wote wenye kasoro tata za kuzaliwa nazo. Kwa 19 kati yao, mfano ulibadilisha uamuzi wa upasuaji. Kwa tundu la kawaida sishauri kuchapisha, ultrasaundi inatosha. Vali nazo ni nyembamba na hazitulii, CT haizinasi vizuri, hivyo kuzihusu bado tunaitegemea hiyo hiyo ultrasaundi.

Nasikia pia swali la moyo wa kupandikiza. Mwaka 2019, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichapisha moyo mdogo kwa seli za binadamu. Seli zilijikunja, lakini moyo haukuweza kusukuma damu.

Hospitali inayotaka kuanza ianze kwa kumsomesha mtu wa kuchora mipaka, na ihakikishe CT scan inapigwa kwa kufuata mapigo ya moyo, la sivyo kingo hutoka na ukungu. Faili likishakamilika, hata printa ya chuo cha uhandisi cha jirani inaweza kuifanya kazi iliyobaki.