Boila ya gesi ikigoma kuwaka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Boila, ile mashine ya gesi inayopasha maji ya nyumbani, ikigoma kuwaka, cha kwanza mtu anabonyeza riseti, kitufe cha kuianzisha upya. Cha pili, anaibonyeza tena. Mpaka fundi afike, kitufe kimeshachakaa na kila mtu nyumbani ana nadharia yake. Nadharia nyingi kati ya hizo nimezisikia, na mbili tatu niliziamini mwenyewe.

"Haiwaki, basi imekufa."

Mara nyingi boila iliyogoma ni nzima, ila haijaridhika. Boila za kisasa huwaka kwa hatua, na kila hatua inadai ushahidi kabla ya kuruhusu inayofuata. Thamostati, kidhibiti cha joto la nyumba, inaomba joto. Feni inaanza kuzunguka, na kifaa cha usalama kinahakikisha hewa inapita na moshi una pa kutokea. Kisha cheche zinaanza, tak-tak-tak, na vali ya gesi inafunguka kwa mlio mdogo. Moto ukishika, kijiti cha chuma kilichozamishwa kwenye mwali kinapitisha umeme kiduchu, maikroampia chache tu, na kwa huo bodi, yaani saketi inayoiongoza boila, inajua moto upo kweli. Ushahidi huo usipoonekana ndani ya sekunde chache, vali inafungwa. Inajaribu tena, na ikishindwa mara kadhaa inajifunga na kuonyesha namba ya hitilafu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, simama karibu usikilize inaishia wapi. Ikiwa kimya kabisa, anza na umeme, fyuzi na thamostati. (Mimi niliwahi kununua elektrodi mpya, kile kijiti cha kwenye mwali, nikashinda siku nzima naishuku bodi, kumbe betri za thamostati zimekwisha.) Feni ikizunguka na cheche zisije, shaka iko kwenye njia ya hewa na bomba la moshi, au kwenye mfumo wenyewe wa kutoa cheche. Cheche zikisikika bila moto, huenda gesi haifiki, au cheche inaruka pasipo pake. Moto ukishika, vuuu, kisha ukazimika baada ya sekunde mbili tatu, basi gesi ipo na cheche ipo. Mara nyingi hapo ni kile kijiti kimeota ukoko, au waya wa ethi umelegea, na boila haiuoni moto wake yenyewe.

"Jiko linawaka, kwa hiyo gesi si tatizo."

Hii ndiyo inayopoteza watu muda mwingi kuliko zote. Plate moja ya jiko hutumia kama kilowati 2. Boila ya nyumbani ya kawaida huhitaji 24 au zaidi. Vali iliyofunguliwa nusu, regyuleta iliyochoka au mtungi unaokaribia kwisha vinaweza kulilisha jiko vizuri tu huku boila ikifa njaa. Jiko kuwaka kunajibu swali moja pekee: gesi haijakatwa.

Kwa wanaotumia mitungi kuna mtego mwingine. Gesi iliyomo ni kimiminika, na lazima igeuke mvuke kwanza ndipo itoke. Kati ya gesi zinazojazwa mitungini, propeni (propane) huchemka kwenye nyuzi -42 za Selsiasi, lakini byuteni (butane) huchemka karibu na -0.5. Mtungi wa byuteni ukilala nje usiku wa baridi kali, asubuhi ni mzito, ukiutikisa unasikia kimiminika ndani, na bado hautoi kitu. Usithubutu kuupasha kwa moto.

"Bonyeza riseti mpaka ikubali."

Mara moja au mbili inatosha, na uache dakika chache katikati. Kila jaribio lililoshindwa linaweza kuacha gesi isiyoungua ndani, na siku cheche ikishika, inaiwasha yote kwa mpigo. Pia, boila iliyojifunga inakuambia jambo. Ukilifuta kila mara, hata fundi atakosa pa kuanzia.

"Kimoto kinazimika nikiachia kitufe, gesi imeisha."

Hii ni kwa boila za zamani zenye kimoto cha kuwashia kinachowaka muda wote. Gesi ingekuwa imeisha, kisingewaka kabisa. Kuna kifaa kidogo kiitwacho themokapo kinachokaa ndani ya mwali huo na kuzalisha milivolti chache zinazoishikilia vali wazi. Kikiwa baridi hakizalishi kitu. Shikilia kitufe nusu dakika hadi dakika nzima. Wengi huachia mapema mno. Kimoto kikizimika hata baada ya hapo, themokapo ndiyo ya kwanza kushukiwa.

"Maji hayahusiani na kuwaka."

Yanahusiana sana. Kwenye mifumo iliyofungwa, ambamo maji yaleyale huzunguka kwa presha, maji yakiwa baridi, sindano ya geji ya presha inapaswa kusimama kati ya bar 1 na 1.5. Ikishuka mno boila nyingi hukataa kuwaka zisije zikajiunguza. Unaweza kuongeza maji, lakini ukilazimika kuongeza kila wiki, kuna mahali panavuja. Na penye barafu, boila zinazovuna joto la moshi hutoa maji kwa kibomba chembamba kinachopita nje. Kikiganda, boila hugugumia kama mtu anayesukutua, kisha inajifunga. Mimina maji ya uvuguvugu juu ya kibomba, si yanayochemka.

"Kukiwa na hatari nitanusa."

Utanusa gesi iliyovuja, kwa sababu imetiwa dawa ya harufu. Ukiinusa, usiguse swichi yoyote: fungua madirisha, funga gesi, toka nje, kisha piga simu. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka gesi ya boila isipoungua sawasawa, haina harufu hata chembe. Mwali uliotakiwa kuwa wa buluu ukiona umegeuka wa njano na kuacha masizi, zima boila.

Kifuniko cha chumba cha moto usikifungue. Mpira wake ndio unaozuia moshi usiingie nyumbani, na ukikirudisha vibaya hutajua. Mwachie fundi mwenye kibali, na ukimpigia mwambie mambo matatu: namba iliyo kwenye kioo, geji inasoma ngapi, na sauti ya mwisho uliyoisikia kabla ya kimya.