Bastola haivuti kushoto

"Bastola yangu inavuta kushoto." Kauli hii nimeichoka. Mara nyingi inakuja pamoja na bastola ambayo saiti yake ya nyuma, kile kidude cha kulengea chenye pengo, imeshagongwa nyundo, ubavu umechubuka, na mwenyewe anataka igongwe zaidi. Hakuna aliyeangalia kwanza risasi zinaingia wapi zikipigwa kwa kuegemea mfuko wa mchanga, wala zikipigwa na mtu mwingine. Matundu matatu yameonekana kushoto mwa duara la 10, lile la katikati, nyundo ikachukuliwa.

Risasi haiijui saiti. Inaenda kule ambako mtutu umeelekea wakati inatoka mdomoni, basi. Kazi ya saiti ni kumwonyesha mlengaji mtutu umeelekea wapi kabla hajabonyeza triga. Kati ya nyakati hizo mbili kuna kidole, kuna kiganja, na kuna bastola inayoanza kurudi nyuma na kuinuka huku risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Kusogeza saiti kunaondoa kosa la aina moja tu: lile linalojirudia vilevile, risasi baada ya risasi. Kama matundu yametawanyika karatasi nzima, huna cha kurekebisha kwenye saiti.

Tuchukue Glock 17, kwa kuwa wengi wanaifahamu. Kutoka saiti ya nyuma hadi ya mbele ni milimita 165. Saiti ya mbele ikihama milimita 1 tu ndani ya pengo la saiti ya nyuma, kwenye mita 25 risasi inahama takriban milimita 151, na kwenye mita 10 inahama 61. Sasa linganisha na mtikisiko wa mkono. Mkono mzima ukiyumba huku saiti zote mbili zimepangana sawasawa, na lengo likasogea milimita 30 juu ya karatasi, risasi nayo inasogea milimita 30, haizidi hapo. Mtikisiko ndio unaowatia watu hofu, kwa sababu wanauona. Wanasubiri utulie, hautulii, halafu saiti ikipita katikati wanaibana triga ghafla ili waiwahi nafasi. Milimita 1 ile inapotea papo hapo, na wenyewe hawaioni kwa sababu macho yameshakimbilia kwenye karatasi.

Halafu angalia nguvu zenyewe. Triga ya kiwandani ya bastola hiyo inataka nguvu ya kama kilo 2.5. Bastola yenyewe, magazini (kasha la risasi) ikiwa imejaa, haifiki hata kilo 1. Unabonyeza kitu kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara mbili, na unataka kisisogee. Kinasogea. Mtu wa mkono wa kulia akibana vidole vyote kwa pamoja badala ya kuvuta kile kimoja peke yake, mdomo wa bastola unainama chini kushoto. Ndiyo maana "inavuta kushoto" nasikia kila wiki na "inavuta kulia" ni nadra, isipokuwa kwa wenye kutumia mkono wa kushoto. Kama kosa lingekuwa la viwanda, lingegawanyika pande zote.

Kipimo chake ni rahisi. Mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi za kweli na risasi bandia mbili au tatu bila wewe kujua zimekaa wapi. Ukifika kwenye ile bandia, hakuna mshindo wa kuficha ulichofanya. Saiti ya mbele ikichota chini, umeshaona jibu, na nyundo irudi kwenye kisanduku.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, maana wapo wakufunzi wanaojibu kila swali kwa "kosa ni lako". Huko nako ni kubahatisha. Wengi wao wamebandika ukutani ile chati ya duara lililokatwa vipande, kila kipande na kosa lake: huku umebana mno, huku umevunja kiwiko cha mkono, huku kidole kimeingia sana. Chati ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia anayelenga kwa mkono mmoja. Ukishika kwa mikono miwili, mkono wa pili unazuia baadhi ya misogeo hiyo na kuleta mingine, na vipande vya chati havisemi tena ukweli. Mimi siitumii. Nikiona kundi la chini kushoto nashuku triga, lakini kushuku si kujua, na tundu kwenye karatasi halisemi ni kitu gani kimelitengeneza.

Kujua kunatokana na mfuko wa mchanga. Weka karatasi mita 15. Kaa, egemeza viganja na mikono kwenye mfuko, usiegemeze mtutu wala slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola inapopigwa), na usikite kitako cha mpini juu ya meza ngumu. Piga makundi mawili ya risasi tano tano, ukilenga palepale, bila kufukuza tundu lililotangulia. Tafuta kitovu cha kila kundi. Kisha mlengaji mwingine mzoefu afanye hivyohivyo kwa risasi za boksi lilelile. Vitovu vyote vikiangukia upande mmoja kwa umbali unaokaribiana, saiti imekaa vibaya na nitaisogeza bila ubishi. Vikiachana, mmoja kushoto na mwingine katikati, bastola iacheni.

Usipime kwa matundu matatu. Hata kundi la tano, kama upana wake ni sentimita 10, kitovu chake kinaweza kuhama sentimita moja na nusu kwa bahati tu. Ukisogeza saiti kwa kosa dogo kuliko hilo, unaifukuza bahati.

Jambo moja ambalo vitabu vinalipita kimya: kipimo cha mfuko wa mchanga kinaaminika kwa kushoto na kulia, lakini kwa juu na chini kinadanganya kidogo. Bastola iliyoegemezwa hainuki kama iliyoshikwa hewani, na risasi inatoka mtutu ukiwa umefika urefu tofauti. Kwa hiyo kimo nakithibitisha nimesimama, kwa mshiko ule nitakaoutumia. Na walengaji wawili wazuri wanaweza kuwa na kimo tofauti kwa bastola ileile. Kusema bastola "imepangwa kiwandani" kana kwamba jambo limekwisha ni kusahau kuwa kiwanda hakikupanga mkono wako.

Kimo kinategemea risasi pia, na hapa watu wanaelewa kinyume. Wanadhani risasi nzito ya mwendo mdogo itapiga chini. Kwa bastola, mara nyingi inapiga juu zaidi. Inakaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo, na muda huo wote mdomo wa bastola unapanda. Ukiwa na rivolva ya .357 Magnum, ipige kwa .38 Special ya greni 158 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), kisha kwa .357 ya greni 125. Kwa kawaida ile nzito ya polepole ndiyo inayopanda. Kuanguka kwa risasi kwenye mita 25 ni sentimita mbili au tatu tu kwa 9 mm ya kawaida, hakutoshi kufuta tofauti hiyo. Ukibadilisha risasi kutoka greni 115 kwenda 147, usiguse saiti kabla hujapiga makundi mapya.

Kuna pia wanaogombana juu ya bastola moja ya klabu huku wote wako sahihi. Karatasi ya mita 25 ya mashindano ina duara jeusi la milimita 200. Anayelenga chini ya jeusi, ukingo wake ukikaa juu ya saiti, anahitaji bastola inayopiga milimita 100 juu ya alipolenga. Anayelenga katikati akiichukua bastola hiyo atapiga juu kwa sentimita 10 na kuilaumu. Ulizana kwanza mnalenga wapi.

Sasa marekebisho. Saiti ya nyuma inasogezwa kule unakotaka risasi iende. Ya mbele kinyume chake. Kiasi: zidisha kosa kwa umbali kati ya saiti mbili, gawanya kwa umbali wa karatasi, vyote kwa milimita. Kundi liko milimita 60 kushoto kwenye mita 15: 60 × 165 ÷ 15,000, unapata 0.66. Saiti ya nyuma iende kulia milimita 0.66. Hiyo ni chini ya milimita moja, na huwezi kuikadiria kwa nyundo.

Toa magazini, angalia chemba kwa jicho na kwa kidole, vua slaidi. Ibane kwenye jiliwa yenye mbao au ngozi. Pima kwa vernia, kifaa cha kupimia sehemu za milimita, kutoka ukingo wa slaidi hadi ukingo wa saiti, andika, chora mstari mwembamba wa penseli unaovuka vyote viwili. Tumia kifaa cha skrubu cha kusukumia saiti. Kama hakuna, tindo ya shaba au nailoni, mapigo madogo chini kabisa ya saiti, pale inapoingia kwenye mfereji wake; ukigonga juu unaipinda. Saiti za usiku zina vichupa vya tritiamu, gesi inayozifanya zing'ae gizani, na nyundo inavipasua. Hizo mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni.

Kwa kimo, saiti ya nyuma ikipanda, risasi inapanda. Ya mbele ikipanda, risasi inashuka. Glock inauza saiti za nyuma za kimo cha milimita 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3, kila hatua ni milimita 0.4, yaani karibu milimita 60 kwenye mita 25. Badilisha hiyo kabla hujashika tupa. Ukilazimika kuikata ya mbele, kata nusu ya ulichokokotoa, kapige, ndipo uendelee. Chuma kilichoondoka hakirudi.

Saiti za skrubu, zinazosogezwa kwa kuzungusha skrubu hatua kwa hatua, zina mtego wake: baadhi ya watengenezaji wanachora mshale wa kule risasi itakakokwenda, wengine wanaandika alama ya kosa lenyewe, yaani "ukipiga kulia, zungusha huku". Soma kijitabu. Na ukizungusha kurudi nyuma, pita kidogo halafu rejea kwenye alama, kwa sababu uzi wa skrubu una ulegevu na utahesabu mibofyo ambayo haikusogeza kitu. Baada ya hapo piga makundi mawili mapya kwa risasi zilezile, na uandike aina na uzito wa risasi pamoja na kipimo cha vernia.