Wamiao sio wa kwenye klipu tu, tuyaweke sawa haya

Kila ikipita ile klipu ya dada wa Kimiao (kabila la milimani kusini mwa China) mwenye taji la fedha lenye pembe kama za ng'ombe, komenti zinajaa "hawa ni wafalme, wanavaa hivi kila siku". Jamani, mzigo ule ni wa sikukuu na harusi, seti nzima ni kilo kadhaa, utapandaje mpunga kwenye matuta ya mlimani na vikengele vinakugonga kifuani?

Na fedha yenyewe (naongelea ya pete, sio noti) wengi wanadhani imechimbwa hukohuko Guizhou, mkoa wa kusini magharibi mwa China wanakoishi Wamiao wengi. Wapi! Mkoa huo Wachina waliutania zamani kwamba siku tatu haziishi bila mawingu, tambarare ya kunyoosha mguu hakuna, na watu mifukoni hawana kitu. Fedha nyingi ililetwa na biashara ya magogo, enzi za tawala za kifalme za Ming na Qing yalikuwa yanaeleshwa kushuka mto Qingshui, wanalipwa fedha, fundi anaiyeyusha anafua mkufu, yaani akiba ya familia inakaa shingoni mwa binti.

"Wanaongea Kichina cha kijijini." Hapana. Lugha zao ni familia nyingine kabisa, na wenyewe kwa wenyewe hawaelewani, Mmiao wa Kaili (mji wa Guizhou) na wa magharibi mwa mkoa jirani wa Hunan wakikutana wanaishia kuongea Kichina. Sensa ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 11, ila "Miao" ni boksi la serikali la kuwajumlisha, wao wanajiita Hmu, Qo Xiong, Hmong, A-Hmao. Kwa hiyo Hmong ni tawi tu, na wengi wa Laos na wale waliokimbilia Marekani baada ya 1975 (Suni Lee wa jimnastiki ni wa jamii hiyo) ukiwaita Miao wanaona umewatukana.

Linaloniudhi zaidi ni la uchawi, eti wanawake wao wanafuga nge na nyoka kwenye chungu watengeneze sumu ya kumfunga mwanaume. Hadithi hiyo Wachina wa Han (kabila kubwa kuliko yote China) wameisambaza karne na karne, tamthilia zinaipamba mpaka leo, wakati kijijini binti akishasemwa hivyo kuolewa inakuwa shida, na mama yake naye anasemwa.

Halafu wewe unayepost mnara wa ngoma unaandika "Miao", ule ni wa Wadong, majirani zao. Nimeshakuambia mara ya tatu.