Pawa pop ni muziki gani, na kwa nini wasanii huru ndio wanaoubeba

Pawa pop ni wimbo mfupi wa gitaa la umeme ambamo melodia ndiyo mwenye nyumba. Gitaa linaweza kukwaruza, dramu zikapigwa kwa nguvu zote, lakini vyote viko pale kuibeba sauti ya mwimbaji. Ukitaka kuutambua, zima vyombo vyote kichwani mwako, uimbe kiitikio peke yako ukiwa jikoni. Kikikushika hivyo hivyo kitupu, hiyo ni pawa pop. Kilichobaki kikiwa ni kelele tu, ulikuwa unasikiliza roki, na roki nayo ina raha yake, ila ni kitu kingine.

Jina lilitoka mdomoni mwa Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who ya London, mwaka 1967, alipokuwa akieleza muziki wanaopiga yeye na wenzake. Katika miaka ya 1970 likawaangukia vijana wa Marekani na Uingereza waliokua na nyimbo za The Beatles masikioni. Vijana hao walifika umri wa kushika magitaa wakati roki imeshageuka kuwa nyimbo ndefu ndefu, solo zisizokwisha na maonyesho ya viwanjani. Wao walitaka dakika tatu.

Aliyelelewa na muziki wa dansi atahisi tofauti mara moja. Sisi tumezoea wimbo wenye subira: mashairi kwanza, taratibu, halafu linakuja chemko, magitaa yanaachiwa na watu wanainuka vitini. Pawa pop haina kungoja. Kiitikio hufika mara nyingi kabla dakika ya kwanza haijaisha, kinarudi tena, katikati panaingia kipande kigeni kinachoupeleka wimbo upande ambao hukuutarajia, kisha kiitikio cha mwisho, basi. Ni kama mtu amelichukua chemko akalikatakata na kuligawa wimbo mzima.

Sauti yake kubwa, ile ambayo mpenzi wa muziki huu huitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa, mara nyingi inatoka kwenye gitaa la nyuzi 12. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Hili lina jozi sita. Katika jozi nne za chini, uzi mnene unalala pamoja na mwembamba unaolia nota ileile, ila oktava moja juu. Katika jozi mbili za juu, nyuzi zote mbili hulia sawasawa. Lakini hakuna fundi anayeweza kuzikaza nyuzi mbili zikalingana kabisa, kila mara panabaki upenyo mdogo kati yao, na upenyo huo ndio unaoleta mng'ao, kama kengele ndogo nyingi zinazotikiswa kwa mkono mmoja. George Harrison, mpiga gitaa wa The Beatles, alipewa gitaa lake la aina hiyo, la kampuni ya Rickenbacker, akiwa New York mwezi Februari 1964. Roger McGuinn wa The Byrds, bendi ya Marekani, alimwona nalo kwenye filamu, akatafuta la kwake. Kutoka kwa hao wawili mng'ao huo umesafiri hadi leo.

Kitu kingine ni waimbaji wawili au watatu wanaoimba pamoja kwa sauti tofauti, hasa kwenye kiitikio. Na maneno? Karibu yote ni mapenzi, na karibu mapenzi yote hayo yamekwama: barua haikujibiwa, msichana ameondoka mjini, kijana ameshindwa kusema lililo moyoni. Lakini melodia inachangamka na dramu zinakimbia. Ni huzuni iliyovaa nguo za sikukuu. Hapo ndipo muziki huu uliponikamata mimi. Kuna majonzi ambayo ukiyaimba polepole yanakulemea, lakini ukiyaimba kwa kasi na wenzako wawili wakakuitikia, unaweza kuyabeba.

Waliouweka sawa ni Badfinger, bendi iliyotokea Swansea, Wales, ikarekodi chini ya Apple, lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ya The Beatles wenyewe. Raspberries wa Cleveland, ambao mwaka 1972 walipata wimbo uliofika nafasi ya tano Marekani. Na Big Star wa Memphis, ambao hawakupata chochote.

Kwa Big Star inabidi nisimame kidogo, maana kisa chao kinaeleza mengi. Alex Chilton alikuwa nyota tangu 1967, akiimba na bendi ya Box Tops akiwa na umri wa miaka 16. Akarudi nyumbani Memphis, akaungana na Chris Bell na wengine wawili, wakarekodi katika studio za Ardent albamu mbili, ya 1972 na ya 1974. Waandishi wa muziki walizisifu sana. Tatizo lilikuwa usambazaji. Lebo ya Stax, iliyokuwa hodari kwa muziki wa soul wa watu weusi, haikuweza kuzifikisha santuri hizo madukani, na mapatano yake na kampuni kubwa ya Columbia yakaharibika. Mtu angeweza kusoma sifa za albamu, akaenda dukani na pesa mkononi, akaikosa. Bell aliondoka baada ya albamu ya kwanza. Alifariki kwa ajali ya gari Desemba 1978, akiwa na miaka 27, na santuri ndogo moja tu yenye jina lake peke yake ikiwa imetoka, kupitia lebo ndogo sana iliyoendeshwa na mwanamuziki mwenzake. Nyimbo za Big Star zilipona kwa sababu wanamuziki walizirithishana mkono kwa mkono mpaka zikawafikia Teenage Fanclub kule Scotland, ambao mwaka 1991 walitoa albamu ambayo ukiisikiliza unasikia Memphis ndani yake.

Wakati huohuo kulikuwa na njia nyingine, na hii ndiyo iliyoshinda. Zion ni mji mdogo wa Illinois, kaskazini mwa Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Huko bendi ya Shoes ilirekodi albamu nzima sebuleni, kwa mashine ya mkanda yenye njia nne, wakaitoa wenyewe mwaka 1977, nakala 1,000. Njia nne maana yake ni sauti nne tu zinazoweza kukaa kwenye mkanda. Ukitaka ya tano, unazichanganya tatu za mwanzo ndani ya njia iliyobaki, unazifuta zile tatu, unaanza kuzijaza upya. Kosa la dramu likishaingia kwenye mchanganyo huo halitoki tena, na kila ukichanganya, mvumo wa mkanda unaongezeka. Kwa hiyo kila uamuzi unafanywa mapema na kwa roho ngumu. Miaka miwili baadaye Shoes walikuwa wanatoa albamu kupitia Elektra, kampuni kubwa, lakini ile ya sebuleni ndiyo watu wanayoirudia.

Mwaka 1979 bendi ya pawa pop ya The Knack ilikaa kileleni mwa chati ya Marekani wiki sita. Kampuni zikawakimbilia vijana wenye tai nyembamba, zikachoka nao upesi. Tangu hapo muziki huu umeishi zaidi mikononi mwa lebo ndogo, wauzaji wa santuri kwa njia ya posta na tamasha kama International Pop Overthrow, alilolianzisha David Bash mjini Los Angeles mwaka 1998.

Ndiyo maana neno "huru" linaambatana na pawa pop kuliko aina nyingi za muziki. Msanii huru ni yule anayetoa kazi mwenyewe au kupitia lebo ndogo isiyomilikiwa na kampuni kubwa. Siku hizi wengi wao wako Bandcamp, mtandao ulioanzishwa 2008. Unasikiliza kwanza, ukipenda unanunua. Mtandao huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, na zilizobaki, baada ya makato ya malipo, zinakwenda kwa msanii au lebo yake. Tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo mtandao unasamehe hata fungu hilo.

Niseme ukweli: pawa pop nyingi mpya ni mavazi tu. Gitaa lipo, nywele zipo, mng'ao upo, lakini melodia haijatungwa, imekumbukwa. Kipimo changu ni hiki: nasikiliza albamu mara moja nikiosha vyombo, halafu naiacha. Kesho yake asubuhi, kabla sijawasha chochote, kama kuna kiitikio kinachonijia chenyewe, narudi.

The Beths wa Auckland, New Zealand, wamenirudisha mara nyingi. Mpiga gitaa wao, Jonathan Pearce, ndiye anayewarekodi. Wimbo uliobeba jina la albamu yao ya 2022, "Expert in a Dying Field", umejengwa juu ya wazo moja: ukimpenda mtu miaka mingi unakuwa bingwa wake, unajua anapokasirika hufanya nini, na siku mnaachana unabaki na ubingwa ambao hakuna anayeuhitaji tena. Mwimbaji wao, Elizabeth Stokes, analiimba hilo bila kulia, juu ya magitaa yanayosonga mbele, na kiitikio kinafunguka kama mlango. Sijasikia maelezo ya kuachana yaliyo sahihi zaidi ya hayo.

The Lemon Twigs, ndugu wawili kutoka Long Island, wanaimba pamoja kwa namna ambayo damu moja tu inaweza kuleta. Anza na albamu yao ya 2024, "A Dream Is All We Know". Kwa nyimbo fupi kabisa kuna 2nd Grade wa Philadelphia, ambao mwaka 2020 walitia nyimbo 24 katika albamu moja.

Lakini mwenye njaa zaidi ni kijana wa Chicago, Kai Slater, anayejiita Sharp Pins. Albamu yake "Radio DDR" ilitoka kwanza kama kaseti mwaka 2024, akiitoa mwenyewe, kisha 2025 ikatolewa upya na K Records, lebo huru ya Olympia, Washington, iliyokuwepo tangu 1982. Isikilize kwa spika za masikioni, sauti ikiwa juu kidogo. Utausikia mvumo, gitaa liking'aa juu yake, na kijana akiimba pamoja na sauti yake mwenyewe. Kutoka Chicago hadi Zion, kwa barabara ya kando ya ziwa, ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari.