Meli ya Kwanza ya Familia: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Familia nyingi zinazoazimia kupanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza hutafuta kwanza jina la kampuni, kisha bei, kisha picha za mabwawa. Umri wa watoto huja mwisho, pale tu fomu inapodai tarehe zao za kuzaliwa. Huko ni kupanga kinyume. Tarehe hizo ndizo zinazoamua mtoto ataingia wapi, nani atamwangalia, na hata kama atapokelewa melini. Mengi yanayosemwa kuhusu meli hizi yametoka kwa watu wazima waliosafiri bila watoto, au kwa waliopanda meli moja wakadhani wamezijua zote. Hapa nimeyachukua yale yanayowagharimu wazazi zaidi.

"Kampuni ikiwa nzuri, meli yake yoyote itafaa"

Hakuna dhana inayowaponza wageni kama hii. Chukua Royal Caribbean. Icon of the Seas ilianza kazi Januari 2024. Ina urefu wa mita 365 hivi, bustani ya miteremko ya maji, na eneo zima lililotengwa kwa familia zenye watoto wadogo. Grandeur of the Seas, ya kampuni hiyohiyo, iliingia baharini 1996, na ukubwa wake haufiki theluthi moja ya Icon. Nembo ni moja, lakini kwa mtoto wa miaka minane hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Grandeur si meli mbaya, na wapo wanaoipenda kwa utulivu wake. Tatizo ni la mzazi aliyevutiwa na picha za Icon, akakuta Grandeur ni nafuu, akalipia, akafika bandarini na watoto wanaouliza miteremko iko wapi.

Zipo pia meli zisizopokea watoto kabisa. P&O Cruises ya Uingereza huchukua familia kwenye Iona na Britannia, lakini Arcadia na Aurora ni za watu wazima tu. Virgin Voyages haipokei mtu aliye chini ya miaka 18 kwenye meli yake yoyote. Kwa hiyo jina la kampuni likikuvutia, usiishie hapo. Tafuta jina la meli yenyewe, mwaka ilioundwa, mwaka ilipokarabatiwa mara ya mwisho, kisha fungua ramani ya sitaha zake uone sehemu ya watoto imepewa nafasi gani. Ikiwa ni chumba kimoja kilichobanwa pembeni ya ukumbi wa mazoezi, umeshapata jibu.

"Meli kubwa ina msongamano, ndogo ina nafasi"

Hili linasikika kama la akili ya kawaida, ila hesabu inalikataa. Tani zinazotajwa kwenye meli ya kitalii hazipimi uzito wake. Zinapima ujazo wake wa ndani. Ukizigawa kwa idadi ya abiria unapata picha ya nafasi anayopata kila mmoja. Icon ina tani zaidi ya 248,000 na abiria 5,610, na hiyo ni kama tani 44 kwa kila mtu. Grandeur ina tani karibu 74,000 na abiria wapatao 1,990, yaani 37. Disney Wish, meli ya kampuni ya Disney yenye tani 144,000 na abiria 2,500 hivi, inafika 57. Kumbe meli iliyo ndogo kuliko zote tatu ndiyo yenye nafasi finyu zaidi.

Lakini hesabu hiyo ina mtego ambao familia zinapaswa kuujua. Idadi hiyo ya abiria huhesabu watu wawili kwa kila kabini. Shule zikifungwa, vitanda vya tatu na vya nne hujaa watoto, na Icon inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Hapo zile tani 44 zinashuka hadi 33 hivi. Ndiyo maana utasikia kampuni zikitangaza kwamba meli zao zimejaa kupita asilimia 100 bila mtu kulala sakafuni. Kwa hiyo wiki unayosafiri inaamua msongamano kuliko ukubwa wa meli. Mwenye watoto ambao hawajaanza shule ana bahati ambayo wengine hawana. Asiitupe kwa kusafiri katikati ya likizo kuu.

"Meli ikiwa na mabwawa mengi, mtoto mchanga atafurahi"

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wasome polepole. Mtoto anayevaa nepi haruhusiwi kuingia kwenye mabwawa ya kawaida ya meli. Hata nepi maalumu za kuogelea hazimsaidii. Meli zinazotia nanga katika bandari za Marekani hufuata masharti ya usafi ya CDC, mamlaka ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa, na sharti hili limo. Sababu inaeleweka: kinyesi kidogo tu majini kinalazimu bwawa zima lifungwe na kusafishwa, na abiria mia kadhaa wanabaki wamesimama na mataulo yao. Mzazi asiyejua hushuka na mtoto aliyekwisha vishwa nguo za kuogelea, anamtumbukiza miguu, na mhudumu anakuja kumwomba kwa adabu amtoe. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu haelewi maelezo. Anachokiona ni maji, na wenzake waliomo.

Baadhi ya meli, zikiwemo kadhaa za Disney na Royal Caribbean, zina sehemu ya maji ya kuchezea iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa nepi. Kama una mtoto wa umri huo, hilo ndilo la kuulizia kabla ya ukumbi wa maonyesho na kabla ya mikahawa. Na ulizia kwa jina la meli, kwa sababu si meli zote za kampuni moja zinazo.

Waliokwisha acha nepi nao wana swali lao: je, kuna mwokoaji bwawani? Royal Caribbean ilianza kuweka waokoaji 2017. Kuna meli ambazo bado zina bango tu linalosema unaogelea kwa dhamana yako. Kwangu mimi, mwenye mtoto asiyejua kuogelea na aangalie hili kabla ya bei.

"Klabu ya watoto itawachukua wote"

Itawachukua walio katika umri wake. Klabu nyingi huanza kupokea watoto wa miaka mitatu, na nyingi hudai awe ameacha nepi. Kampuni ya Carnival huanzia miaka miwili. Walio chini ya hapo wanahitaji chumba cha kulelea watoto wachanga, ambacho Disney na baadhi ya meli za Royal Caribbean wanacho, kwa malipo ya kila saa na nafasi chache zinazowahiwa mapema. Meli isiyo na huduma hiyo itakuachia mtoto wako mchana na usiku, nawe ulidhani umelipia mapumziko.

Halafu kuna mipaka ya makundi. Kwenye Carnival, wenye miaka 9 hadi 11 wako pamoja, na wenye 12 hadi 14 wana mahali pao. Ndugu wawili wa miaka 11 na 12 ambao hawajawahi kutenganishwa watajikuta kwenye milango miwili, na mdogo atakuwa na huzuni siku nzima ya kwanza. Kinachohesabiwa kwa kawaida ni umri wa mtoto anapopanda meli. Kusogeza safari mwezi mmoja mbele au nyuma kunaweza kuwaweka pamoja, au kumwezesha wa miaka miwili na miezi kumi na moja kufikisha mitatu. Kwa jambo hili, kalenda ya siku za kuzaliwa ina thamani kuliko punguzo la nauli.

Kwa wachanga zaidi, kampuni nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi sita, na hudai awe na mwaka mmoja ikiwa safari inavuka bahari kuu au ina siku tatu au zaidi mfululizo bila kufika bandari. Na mama mjamzito atakayeingia wiki ya 24 kabla safari haijaisha hukataliwa karibu kila mahali. Hayo hayana rufaa siku ya kupanda.

"Kabini ya watu wanne inawatosha wanne"

Inawatosha kulala. Kabini ya ndani huwa na mita za mraba 14 hadi 17 hivi. Mchana inaonekana nadhifu. Usiku mhudumu anashusha kitanda kutoka darini, anaegemeza ngazi, anafungua sofa iwe kitanda cha pili, na njia ya kwenda chooni inakuwa upana wa mguu. Mtoto wa juu akitaka kukojoa saa nane usiku, anateremka juu ya kichwa cha mwenzake, na nyumba nzima inaamka. Ukiongeza kitanda cha mtoto mchanga, mlango hauna pa kufungukia.

Ninachopendekeza kwa familia ya wanne ni kulinganisha kabini moja yenye roshani na kabini mbili za ndani zenye mlango wa kuunganisha. Mara nyingi bei hazitofautiani sana, na mbili zinakupa vyoo viwili na giza la kulaza watoto mapema huku nyinyi mkikaa upande wa pili. Anayetaka moja tu aziangalie za Disney, ambazo nyingi zina vyumba viwili vidogo vya maji: kimoja choo na beseni, kingine bafu na beseni. Asubuhi ya watu wanne hilo si jambo dogo.

Kuna jambo huwashangaza wanaochelewa: wanaambiwa nafasi za watu wanne zimekwisha, wakati kabini zenye vitanda vinne zinaonekana bado ziko wazi. Si ujanja wa biashara. Idadi ya watu wanaoruhusiwa melini hufungwa na mashua za kuokolea maisha, na idadi hiyo ikikaribia kufika, kampuni huacha kuuza kitanda cha tatu na cha nne. Masharti hayo ya kimataifa yalianza kuandikwa 1914, baada ya Titanic kuzama na mashua zilizotosha nusu tu ya waliokuwamo. Familia ya wanne au watano iweke nafasi mapema.

"Ratiba ikisema Rome, mtashuka Rome"

Mtashuka Civitavecchia, na mji wenyewe uko kilomita 70 hadi 80 kutoka hapo. Florence ni Livorno, kilomita 90 hivi. Paris ni Le Havre, karibu kilomita 200. Berlin ni Warnemünde, na treni au basi ni kama saa tatu kwenda na tatu kurudi. Mtu mzima huvumilia na kupiga picha. Mtoto wa miaka minne atauona mji huo kwa saa tatu akiwa amechoka, kisha atalala ndani ya basi na kuamka akilia.

Ukubwa wa meli unaingia hapa pia. Tangu Agosti 2021, meli zinazozidi tani 25,000 haziruhusiwi kupita mbele ya uwanja wa San Marco kule Venice, kwa hiyo kwenye ratiba nyingi neno Venice humaanisha bandari nyingine. Kwingineko meli kubwa hutia nanga nje na abiria huvushwa kwa boti ndogo, ambako kigari cha mtoto huwa mzigo. Kwa safari ya kwanza, ratiba yenye bandari ambazo ufuko au mji uko karibu na gati ni bora kuliko ile yenye majina makubwa.

"Ukishalipa nauli umemaliza"

Nauli inabeba kitanda, chakula cha kawaida na maonyesho mengi. Haibebi intaneti, soda kwenye meli nyingi, matembezi ya bandarini, wala daktari wa melini. Bakshishi hukatwa kwa kila mtu kwa kila siku, watoto wakiwemo kwenye kampuni nyingi. Kwa zile kubwa za Marekani, familia ya wanne kwa wiki moja hutoa zaidi ya dola 400. Matangazo ya "watoto bure", ambayo kampuni ya MSC huyatoa mara kwa mara, ni ya kweli kwa upande wa nauli, lakini kodi na ada za bandari hubaki palepale. Linganisha meli mbili kwa jumla ya mwisho, na huenda ukaona ile ya bei nafuu ikipanda na kuipita nyingine.

Kuhusu kuchafukwa na moyo

Hofu hii ni kubwa kuliko tatizo lenyewe. Meli za sasa zina mapezi ya kupunguza kuyumba ubavuni, na watoto chini ya miaka miwili ni nadra kusumbuka. Wanaosumbuka zaidi ni wa miaka miwili hadi kumi na miwili. Kwa ajili yao chagua kabini ya sitaha za chini, katikati ya meli, mbali na tezi na omo, na muulize daktari kuhusu dawa kabla ya kuondoka nyumbani.

"Kwa mara ya kwanza, chukua siku tatu za kujaribu"

Usiku tatu ni siku mbili kamili. Siku ya kwanza mnapanda mchana na mizigo huja baadaye. Asubuhi ya mwisho mnatakiwa mtoke kabini mapema. Mtoto mwenye haya huhitaji siku nzima kuizoea klabu, na anapopata rafiki safari imekwisha. Miaka ya nyuma safari fupi ziliachiwa meli kuukuu, lakini hilo limebadilika: Utopia of the Seas ya Royal Caribbean ilianza 2024 moja kwa moja na safari za usiku tatu na nne, na meli kama hiyo inafaa ikiwa muda ni mfupi. Kama likizo inaruhusu, mimi ningechukua usiku tano hadi saba kwenye meli ya zamani kidogo yenye sehemu nzuri ya watoto, kuliko tatu kwenye mpya.