Umeacha Pombe, Mshahara Umeingia: Jioni Hiyo Uipange Mapema

Aliyeacha pombe wiki mbili zilizopita huwa salama asubuhi. Taabu huanza saa kumi na mbili jioni, hasa siku mshahara ulipoingia kwenye simu, anaporudi kwa njia ileile na kusikia muziki wa baa ileile. Wengi tunaowahudumia kliniki hufika wameinamisha kichwa, wakiamini hamu hiyo inaonyesha kuwa hawana nia ya kweli. Si hivyo. Ubongo uliozoea kilevi kwa miaka umeshafunganisha pombe na saa fulani, harufu ya nyama choma na sura za marafiki. Ukikutana na vitu hivyo unaidai pombe, hata kama moyo umekata shauri.

Hamu hiyo ina mwisho wake. Hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe, na mara nyingi yote hayo huisha ndani ya nusu saa hivi, hata usipoonja tone. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, aliwafundisha wagonjwa wake kuichukulia kama wimbi: hushindani nalo, unaelea juu yake mpaka lipite. Kwa vitendo, ondoka pale ulipo, tazama saa, mpigie mtu anayejua kuwa umeacha. Halafu kula. Njaa humzidishia mtu hamu, na wengi wa waliokuwa wakinywa jioni walishazoea kutokula chakula cha usiku.

Kazi kubwa zaidi hufanyika kabla jua halijazama. Lipa kodi ya nyumba na ada ya watoto mchana huohuo, na kinachobaki kakabidhi kwa mke, mume au dada unayemwamini. Panda daladala inayopita njia nyingine, hata kama inakuchelewesha.

Kisha kuna ofa. "Moja tu, kaka, kwani umeokoka?" Jibu fupi ndilo bora: "Nimeacha." Wengi husema "nipo kwenye dozi," lakini dozi huisha, na siku hiyo rafiki atarudi na chupa. Maelezo marefu nayo hugeuka mjadala. Wapo pia wanaotaka kukaa kaunta na soda ili wajipime kama wamepona. Katika miezi ya mwanzo simshauri mtu yeyote afanye hivyo. Hata akishinda leo, amejichosha bure.

Hata hivyo, kama ulikuwa unakunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla peke yako. Nenda hospitali kwanza. Ndani ya siku mbili tangu chupa ya mwisho mtu anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo inaua, lakini hospitalini inatibika.

Kwa familia nina ombi moja zito. Kuna dawa iitwayo disulfiram, ambayo mtu akinywa pombe juu yake hutapika, uso huwaka na moyo huenda mbio. Wapo wanaoisaga na kuichanganya kwenye mboga bila mhusika kujua. Tafadhali msifanye hivyo. Asiyejua kuwa ameimeza atakunywa kama kawaida yake, na anaweza kufa. Daktari humpa mgonjwa aliyekubali mwenyewe, baada ya kumpima. Zipo pia dawa kama naltrexone, inayopunguza hamu. Ulizeni kliniki ya afya ya akili.

Na ukiteleza ukanywa, usiseme "basi, nimeshaharibu" ukamalizia kreti. Simama kwenye glasi hiyohiyo, rudi nyumbani, mwambie mtu usiku huohuo, na kesho rudi kliniki bila kungoja tarehe yako. Nchini Kenya, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wanapokea simu bure kupitia 1192, usiku na mchana.